Nilimwambia Aseme

Papa Jean de Dieu alivua kizibao chake cha kazi kwanza, kile cha rangi ya machungwa, kabla hata ya kufungua barua. Alikikunja mara nne, akakipangusa matope ya Kalembe kwa kiganja, akakiweka juu ya meza yangu. Hapo ndipo akachana bahasha. Alikuwa msomaji wa polepole. Midomo ilifuata kila neno, na mimi kila neno nililijua kwa sababu nililiandika mwenyewe. Alipofika mwisho alirudi juu akaanza tena.

"Kasoki," akasema, "hapa wanasema nilitukana watu. Nilitukana nani?"

Nikaanza kulia. Mimi, mkuu wa wafanyakazi, mwenye muhuri kwenye droo! Nililia mbele ya mtu niliyekuwa namfukuza, hata kamasi nikafutia kwenye mkono wa blauzi.

Kazi ile niliiacha. Siku hizi nauza sabuni na chumvi katika duka la mume wangu, Mumbere, kama watu wetu wa Butembo wafanyavyo popote wanapofika. Duka likiwa tupu mchana nazungumza peke yangu, na wateja wakinikuta hivyo hucheka. Wacha wacheke.

Niseme kwanza yule mzee alikuwa nani kwangu. Milima yetu haina barabara ya kuitegemea. Mgonjwa wa Kalembe hubebwa kwenye kipoyi, machela ya mianzi iliyosukwa, mabega manne chini yake na mengine manne yakifuata nyuma tayari kupokea. Zamani hakuna aliyelipwa. Mtu akizidiwa walipiga yowe mlimani, na kila nyumba ikatoa mwanamume mmoja, awe amekula au hajala. Papa Jean de Dieu Nzabandora ndiye aliyewapanga. Aliwapima kwa fimbo, tangu kisigino mpaka begani, maana mmoja akipungua upana wa vidole viwili tu, mgonjwa atateleza upande wake safari nzima. Kisha aliwafundisha kupokezana bila kusimama: wa nyuma anaingiza bega, wa mbele anatoka, na aliyelala juu hana habari.

Mimi nililala juu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu mtoto alikataa kutoka siku mbili nzima, mvua inamwagika, na Mumbere amekaa mlangoni hajui hata viatu vyake viko wapi. Waliniteremsha hospitali kwa mwendo wa saa saba. Papa Jean de Dieu alitembea sambamba na kichwa changu. "Kasoki, sasa tunapita ku mawe, shika. Kasoki, hapa njia iko muzuri, pumua." Hakuwa ndugu yangu. Sisi tulikuwa wageni, watu wa duka. Yeye watu wake walilima mlima ule tangu zamani za mababu. Binti yangu ana miaka saba leo, na kutulia hajui.

Baadaye shirika moja la afya likaja na wazo zuri: wabebaji walipwe mshahara. Zuri, narudia. Ila walipoandikwa wale wanane, wote walikuwa wa mlima mmoja, na watatu kati yao watoto wa dada zake Papa Jean de Dieu. Yowe lilipokuwa la bure hakuna aliyeuliza nani anabeba. Mshahara ulipoingia, maswali yakaanza kutoka kila upande. Sisi tuliotoka Itebero, watu wa pori, mabega yetu yana kasoro gani? Sisi wa kambi ya wakimbizi je? Na wanawake, wanaopandisha gunia la viazi mpaka sokoni kila wiki? Walikuwa na haki. Niliamini hivyo wakati ule, na leo bado naamini. Majina ya makabila sitayataja. Mtu wa kwetu anayajua, na tumeyataja vya kutosha.

Shirika likaamua kuchanganya timu: kila upande utoe watu wake, na wanawake wawemo. Kabla ya hapo ufanyike mkutano, wafanyakazi watoe maoni yao. Kazi ya kuuandaa nikapewa mimi, niliyekuwa mkuu wa wafanyakazi wao.

Siku moja kabla, nilipanda nyumbani kwake. Alikuwa anachonga mianzi uani, na mke wake, Mama Dancille, anapukuchua maharagwe.

"Niko na maneno," akaniambia. "Lakini afazali ninyamaze. Watu wa ofisi wanapenda kuuliza, hawapendi kujibiwa."

Nikacheka. Ningejua! "Papa, réunion ni ya kusema. Sema yote yenye iko ku roho. Hakuna muntu atakufanya kitu. Mimi niko pale."

Mama Dancille aliinua macho kutoka kwenye ungo. "Kasoki, unamuahidi?"

"Ninamuahidi, Mama."

Basi kesho yake akasimama, kofia mkononi. "Kipoyi haijue kabila," akasema. "Kipoyi inajua kimo. Mukichagua mabega kwa liste, mugonjwa njo atateseka." Angeketi hapo, tungebishana mpaka jioni na kila mtu angeenda kwake kula. Hakuketi. Nilikuwa nimemwambia aseme yote, naye alikuwa mtu wa kushika neno. Akasema watu wa pori hawajazoea mlima, wanavunja mwendo. Akasema wa kambi leo yuko, kesho amehama, utamfundisha nani? Akasema Mungu aliwapa wanawake mgongo wa mtoto, hakuwapa bega la kipoyi. Nilihisi aibu usoni. Maneno yale yaliuma, na yalikuwa ya uongo, na aliyeyasema nilimpenda.

Umurerwa akainuka. Alikuwa mwanamke wa kambini, jina lake tayari kwenye orodha mpya. Hakupaza sauti. "Papa, nilibeba mama yangu mugongoni siku mbili, tukikimbia vita. Hakuanguka. Unajua nini juu ya bega langu?"

Mzee alitazama bega lake. "Sikujua, Mama," akasema. "Basi kuja kesho, nikupime."

Watu wengine walicheka, Umurerwa hakucheka, na mkutano ukaendelea kwa mambo ya mabuti na makoti ya mvua. Lakini mtu alikuwa amerekodi kwa simu, na kurekodi kwake kuliishia kwenye bega la kipoyi. Yale ya "kuja nikupime" hayakuwamo. Siku ya pili video ilikuwa imefika Goma, na kutoka Goma ikafika kwa wafadhili.

Théophile, mkuu wetu, alikuja siku ya nne kwa pikipiki, amelowa mpaka kwenye mfuko wa shati. Hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha video, nikaitazama kama vile sikuwapo.

"Huyu hawezi kuongoza watu aliowasema hivi," akasema. "Ila anasema kuna mtu alimhakikishia aseme bila woga. Ni wewe?"

Alikuwa ameshika kalamu, anangoja. Nilielewa vizuri sana. Nikisema ndiyo, kosa linagawanyika, na nusu yake ni yangu. Pengine barua zinakuwa mbili, pengine haiandikwi hata moja, anapewa onyo tu na kazi inaendelea. Nikafikiria mshahara wangu, na jina langu ofisini, na jinsi nilivyokuwa mwanamke wa kwanza kukalia kile kiti.

"Sikumbuki," nikasema.

"Na baada ya hapo, aliongeza neno lolote? La kuomba radhi?"

"Sikumbuki vizuri."

Aliandika. Mimi nikaandika barua.

Ndiyo maana nililia ile siku ya kizibao. Na yeye alifanya nini? Alizunguka meza, akaniwekea mkono kichwani kama mtu anayembembeleza mtoto wake. "Usilie, Kasoki. Ninajua ulinitetea. Wakubwa njo wamekushinda." Kinywa changu kilikuwa wazi kabisa, neno liko pale mbele ya meno. Nikalimeza, akaenda akiamini hivyo.

Sasa niseme na hili, nisije nikaonekana namsafisha. Juu ya wale watu alikosea. Wiki za kwanza timu mpya ilimwangusha mgonjwa mmoja kwenye tope, ndiyo, lakini baada ya miezi miwili walikuwa wanapokezana bila kusimama, Umurerwa mbele kulia, mtu wa Itebero mbele kushoto. Njia inapita chini ya shamba la Papa Jean de Dieu. Walipopita aliacha jembe, akawa anatazama miguu yao mpaka wanapotea kwenye kona. Mama Dancille ndiye aliyeniambia. Siku moja alirudi nyumbani akasema, "Wanabeba vizuri." Chakula hakukigusa siku hiyo.

Mwezi wa kumi na moja tumbo lake likamkamata. Likavimba, likawa gumu. Mama Dancille akataka kupiga yowe, akamkataza. "Nilisema mbele ya watu wote hawawezi kubeba. Sasa nitalala juu ya mabega yao na sura gani?" Akaondoka kwa miguu. Mzee wa miaka sitini na kitu, tumbo kama lile, kwa njia ya saa saba! Mkono mmoja alishika fimbo, mwingine bega la mke wake. Kwenye mto wa pili alikaa chini, na kuinuka hakuweza tena.

Wanawake waliokuwa wakitoka sokoni walipeleka habari, na timu ikaja mbio na kipoyi. Walimfikisha hospitali akiwa hai, hasemi. Daktari akawaambia angefika asubuhi angemfanyia kitu. Alifariki alfajiri.

Umurerwa alinikuta matangani, karibu na moto wa kupikia. Ngozi ya bega lake ilikuwa imechubuka mpaka nyama nyekundu.

"Alinipima," akaniambia. "Kesho ya réunion. Alisema kuja, nikaenda. Akaweka fimbo, akasema niko kimo kimoja na Habineza, mubebaji wake wa zamani, tutabeba pamoja. Akaniomba pardon, na Mama Dancille iko pale."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani?" Alinitazama bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Walimufukuza ju yangu, na hakuna muntu aliniuliza. Wewe ulikuwa mu ofisi. Uliniuliza?"

Sikumuuliza. Ningemuuliza, angenijibu, na jibu lake lingenilazimisha kukumbuka.

Nikaingia ndani kumpa pole mjane. Chumba kilijaa wanawake, nikapiga magoti kwenye mkeka, na Mama Dancille akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya moto. "Kasoki wangu," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Muone huyu. Wengine wote walimuacha. Huyu peke yake njo alimutetea kwa wakubwa. Muzee alisema hivyo mpaka juzi." Wanawake wakanitazama kwa heshima. Mmoja akasogea nipate nafasi. "Kesho ku misa wanataka muntu wa kazi aseme neno moja juu yake," Mama Dancille akaendelea. "Nimesema iwe wewe. Wewe ulikuwa pale, unajua yote."

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Umurerwa alisimama nyuma na kitambaa begani, na wabebaji wenzake pande zake. Padri akaita jina langu. Nikaenda mbele, nikashika ukingo wa benchi la kwanza alipokaa Mama Dancille. Nikasema alikuwa mtu wa haki. Nikasema alinibeba mimi na mwanangu. Nikasema Mungu amlaze mahali pema. Kisha nikanyamaza, na kanisa zima likangoja, kwa sababu ilionekana wazi kwamba bado nina neno.

"Sema tu, mwanangu," Mama Dancille akaninong'oneza. "Usiogope. Hakuna muntu atakufanya kitu."

Nikarudi nikaketi.