Lulu za Babu Faraj

Kwa siku ya tatu mfululizo kompyuta ya Bwana Jaffar iliganda palepale, babu yake, Faraj, alipokuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye biashara ya lulu. Kishale kiligoma katikati ya kioo. Kibodi ikawa ubao mtupu. Jaffar alibonyeza kila kilichobonyezeka, akaipiga kofi la ubavuni kama mtu afukuzaye punda mlangoni, mwishowe akaizima na kuiwasha upya, na yote aliyoyaandika asubuhi ile yakapotea.

Mwaka ulikuwa 1996. Jaffar alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na mbili ya kujaza karatasi za forodha bandarini Kilindini, na ofisi yake iliponunua kompyuta mpya, yeye alipewa ile kuukuu. Aliiweka chumba cha mbele cha nyumba yake ya Kibokoni, akaanza kuandika historia ya ukoo. Kazi hiyo alitwikwa na binamu yake Sami wa Tudor. Sami alikuwa akimwoza binti yake kwa watu wakubwa, na Ijumaa wakwe wakija alitaka kuwasomea kwamba na upande huu pia kulikuwa na watu. Kwa Sami, watu maana yake ni babu mwenye lulu.

Tabu ni kwamba Faraj hakuwahi kushika lulu hata moja. Alikuwa ngariba. Nusu ya wanaume wa Mji wa Kale walipita chini ya wembe wake, Jaffar mwenyewe akiwemo na Sami akiwemo, ingawa siku hizi Sami alidai alitahiriwa hospitali.

Mkewe Jaffar, Bi Afaf, hakuwa na shaka kwamba kompyuta imepigwa jicho. Jirani alikuwa ameitazama kupitia dirishani akaisifu bila kusema mashallah. Tangu siku hiyo Afaf aliishonea vazi la kitambaa kizito cha pazia, lenye marinda, likaifunika yote isipokuwa kioo, na kila asubuhi akaifukiza udi chini ya vazi hilo mpaka moshi ukatokea kwenye tundu la diski.

Dadake Jaffar, Bi Suhaila, alikuwa na maoni mengine. Alikuja siku ya tatu hiyo, akakaa kwenye kochi bila kuvua buibui, akasikiliza kisa chote hadi mwisho.

"Hiyo si husuda," alisema. "Huyo ni babu. Wamzulia urongo, naye hautaki."

Jaffar alimcheka. Aliwahi kusoma stakabadhi za kila aina ya mzigo duniani na hakuna hata moja iliyoandikwa jini. Lakini Suhaila alipoondoka kicheko kilimwishia. Alitazama kioo, akatazama dari, kisha akazifuta lulu na kuandika, huku kwapa zimelowa, kwamba Faraj alikuwa ngariba, tena ngariba hodari. Akakaa akingoja radhi za marehemu. Kompyuta ikaganda kabla hajahifadhi.

Hapo aliudhika hasa. Kumwogopa babu mkweli ni jambo moja. Babu asiyetaka urongo wala kweli hana adabu. Jaffar akainua simu, akamtafuta Mbodze.

Mbodze alikuwa binti wa Ngowa, karani mwenziwe wa miaka mingi bandarini, na sasa alifundisha kompyuta katika chuo kimoja Tudor. Alifika kesho yake asubuhi na mkoba wenye bisibisi tatu. Hakugusa kitu. Aliuliza tu: inaganda programu gani, ikishafanya nini, baada ya muda gani. Jaffar alimjibu kwamba programu haijalishi, muda haujalishi, inaganda ikifika kwa babu. Mbodze akamtaka afanye kama afanyavyo kila siku, yeye atakaa nyuma yake.

Jaffar akawasha. Kama kawaida yake alianza ukurasa wa kwanza, kwa babu mkuu aliyetoka Hadhramaut, akawa anasoma taratibu na kurekebisha nukta, maana sehemu hiyo ilimpendeza kuliko zote. Mbodze aliangalia saa yake ya mkononi. Dakika ya ishirini na saba, Faraj akatokea. Kompyuta ikaganda.

"Umeona?" Jaffar alisema, karibu kwa fahari.

Mbodze aliizima, akaomba chai. Walikula mahamri kwa mbaazi nusu saa nzima bila kuitazama. Kisha akamwambia awashe tena, ila safari hii aanze kwa babu Faraj na amalizie kwa yule wa Hadhramaut. Jaffar alisita, lakini akafanya. Faraj alipita salama, wembe wake mkononi. Wanawe wakapita. Dakika ya ishirini na nane, katikati ya sifa za yule mzee wa Hadhramaut, mja mwema aliyehifadhi Kurani akiwa na miaka saba, kompyuta ikaganda kama gogo.

"Baba," Mbodze alisema kwa upole, "haina habari na babu zako. Inashikwa na joto."

Alilivua lile vazi la marinda kwa heshima, kama amvuaye mtu mzima nguo, akafungua sanduku kwa bisibisi. Ndani feni ilikuwa haizunguki. Ilikuwa imezibwa na vumbi, manyoya ya paka na masizi ya udi yaliyogandana kama halua. Alisafisha kwa brashi ya mayai ya Afaf, akaondoka na onyo moja: nguo marufuku, moshi marufuku. Afaf alinuna mchana kutwa. Brashi yake hakuitaka tena.

Jioni kompyuta ilikwenda kwa saa tatu bila kukwama. Sami akapiga simu kuulizia lulu zake, na Jaffar, kwa kuchoka kubishana, akaziandika upya. Kompyuta ilizimeza na kuzihifadhi bila hata kukohoa. Angeweza kuandika kwamba Faraj alikuwa sultani wa Uturuki, ingehifadhi vilevile. Jambo hilo lilimkera kuliko kuganda kote. Mzee yule alimbeba mabegani hadi bahari ya Mama Ngina kumwogesha kidonda cha tohara, na sasa hakuwa na wa kumtetea, si jini si mashine. Jaffar akazifuta lulu, safari hii bila jasho, akachapisha.

Ijumaa Sami alisoma mbele ya wakwe kwa sauti ya hotuba, bila kupitia kwanza, mpaka akafika kwenye neno ngariba na tayari limeshamtoka. Baba wa bwana harusi akatazama zulia. Kisha babu yao, mzee wa miaka themanini aliyekuwa akisinzia pembeni, akauliza kama ni yule Faraj wa Kibokoni. Alipoambiwa ndiye, akacheka hadi akakohoa.

"Aliniambia tazama kunguru darini," alisema. "Na mimi nikatazama."

Ndoa ilifungwa, lakini Sami hakumsemesha Jaffar mpaka Ramadhani. Jaffar hakujali sana. Aliongeza ukurasa mzima wa kunguru. Suhaila aliposomewa alidai si kunguru, ni njiwa, yeye anakumbuka vizuri. Jaffar akamwambia, "Kwa jambo hili, dada, mimi nilikuwepo na wewe hukuwepo."