Chuma Alichokipunguza Anyona

Anyona alipooa Gesima, aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba majani chai ya Kwamboka, mama mkwe wake, hayataachwa tena na lori la kiwanda. Akapeleka pikipiki yake kwa Shariff, fundi wa Kisii mjini, amkerezee flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalozunguka ndani ya injini, lipungue uzito.

"Ikiwa nyepesi itachomoka upesi," Shariff alionya, "lakini mlimani uzito ule ndio unaoisaidia isizime."

"Mlima nimezaliwa nao, fundi. Wewe kereza!"

Kesho yake, na magunia mawili nyuma, Anyona alipita tambarare kwa kishindo hadi kuku wakahamia shamba la jirani. Mlima ulipoanza, injini ilikohoa ikazima. Akaiwasha, ikazima tena. Huko juu, kwenye kituo cha chai, lori likapiga honi ya kuondoka.

Kwamboka, aliyekuwa akija kwa miguu, akamfikia. Anyona akainamisha uso. Kwa Wakisii, mkwe na mama mkwe hawagusani hata kwa ncha ya kidole, atamsaidiaje?

"Mwambieni mkwe wangu ashike usukani," Kwamboka aliiambia migomba. "Yeye namheshimu. Pikipiki sikuiozesha binti."

Akajifunga leso kiunoni, akaisukuma hadi kituoni. Dereva wa lori alicheka hata akasahau kuondoka.

Jioni Anyona alikuwa kwa Shariff.

"Fundi, ule unga wa chuma uliokereza, umeutupa wapi?"