Sweta ya Mikono Mitano

Kitendawili! Kila amwonaye humwongezea, hakuna ampunguziaye. Ni nani? Umeshindwa? Mji wako baki nao, mjukuu wangu. Wewe sikiliza tu.

Wanawake wa kijiji kimoja cha Faroe, visiwa vya baridi huko kaskazini, walikutana kufuma kila Jumanne alasiri, sebuleni kwa Birita, kwa kuwa alikuwa na watoto wadogo na hakuweza kutoka. Yeye alioka keki, akachemsha kahawa, akafuta matope ya viatu vyao. Mumewe alikuwa melini mwezi wa tatu sasa. Hanus, wa miaka miwili, alining'inia kwenye sketi yake. Elspa, wa miezi minne, alilala nje kwenye kigari, katika ukungu, kama watoto wote wa huko.

Mkono wa tatu ulichipuka chini ya kwapa la Birita wiki ya pili baada ya kujifungua. Jóhild, muuguzi anayezungukia watoto, aliupima, akauandika chini ya uzito wa mtoto.

"Na wewe, Birita, unataka usaidiweje?"

Kabla hajafumbua kinywa, mama mkwe wake, Oddvør, akajibu, "Sweta. Mkono huo utaganda."

Jóhild akauacha wazi mstari wa jibu la Birita daftarini, akaenda nyumba nyingine.

Wakamfumia sweta ya mikono mitatu. Ulipoota wa nne wakafuma nyingine, yenye nakshi nzuri zaidi. Mikono ile haikuwa na neno: mmoja ulimenya viazi, mwingine ulimkuna Hanus mgongo. Usingizi tu ndio haukuja.

Wa tano uliota kimya, wa baridi, na haukumsikiliza. Jumatatu, Birita akianika nguo, aliukuta umeishika breki ya kigari, umeilegeza nusu. Pale mlangoni barabara inashuka moja kwa moja hadi gatini. Aliubandua kwa ile minne, kidole kimoja kimoja.

Kwa hiyo Jumanne hii alikaa ameukalia.

"Kahawa imekwisha, mwanangu," alisema Oddvør.

"Siwezi kusimama, mama. Nauogopa mkono huu."

"Mkono wako mwenyewe?" Turið wa jirani hakuinua macho kutoka kwenye sindano zake. "Upe uzi. Mkono usio na kazi ndio wenye fitina."

"Sisi tulilea sita sita kwa miwili," Oddvør akasema. "Huyu ana mitano, na keki imeungua."

Wakacheka, bila ubaya. Turið alikwisha kuanza mkono wa tano wa sweta, wa kijivu, usioonyesha uchafu.

Jóhild akaingia na mzani wake na daftari. Elspa alikuwa ameongezeka vizuri, akasema. Alikuwa amempima hukohuko nje na kumrudisha kigarini. Akafungua ukurasa.

"Hapa pana mstari mtupu tangu wiki ya pili. Unataka usaidiweje?"

"Simama kwanza nikupime, utajibu baadaye," alisema Oddvør, futi ya kitambaa mkononi.

Chini ya paja lake, Birita aliusikia mkono ukijinyonga kuelekea mlangoni. Hakusimama.

"Mmoja wenu amchukue Elspa," alisema. "Amchukue hata mpaka kesho. Nataka kulala."