Sindano za Daktari Luo

Clémentine aliuza samaki wakavu Kashikishi, mji wa kando ya ziwa, na kwa miaka minne hakuwa amevuka ziwa kwenda kwao Kilwa, upande wa Zaire. Tangu ajifungue mtoto aliyekufa, mkojo ulimbana kila robo saa, na akichelewa ulimtoka palepale alipo. Mtumbwi wa mota ulichukua nusu siku, watu wamebanana. Kanisani aliketi karibu na mlango. Jumapili moja benchi lililowa, akaacha kwenda. Mumewe alihamia Mwansabombwe bila hata kugombana naye. Mama yake alipofariki, Clémentine aliwapa wenye mtumbwi sukari na kitenge wapeleke msibani, akabaki kulia peke yake.

Mwaka 1979 alikuja daktari Mchina, Luo, kutibu wagonjwa Nchelenge, jirani na Kashikishi, kwa miezi miwili. Alimpima Clémentine, akaeleza kwa Kiingereza, na muuguzi Matildah akageuza kwa Kiswahili cha sokoni: kibofu hakikuwa kimetoboka. Kilikuwa kikiita kabla hakijajaa, na ubongo ulikuwa umezoea kukiitikia. Sindano ingegusa mshipa wa fahamu wa mguuni, unaotoka sehemu ileile ya uti wa mgongo unakotoka ule wa kibofu. Huenda ubongo ukatulia. Huenda pia isisaidie, hilo hakulificha.

Alimchoma sindano nyembamba kama unywele juu kidogo ya kifundo cha mguu, nyingine utosini. Clémentine alisikia uzito ukipanda mguuni, kisha usingizi ukamchukua. Wiki ya tatu ya matibabu, akiwa anapanga samaki, alishtuka kuona adhuhuri imefika na hajainuka tangu asubuhi. Alitazama kushoto na kulia. Hakuwa na mtu wa kumwambia.

Daktari alipoondoka, Clémentine alipanda mtumbwi. Alifika Kilwa nguo zikiwa kavu.

Mdogo wake, Brigitte, alimpokea mlangoni bila kumkumbatia.

“Yaya, dada yangu, mama alikufa anakuita. Ulikuwa wapi?”

“Mukojo ulikuwa unanishinda. Nilikuwa naona haya.”

Brigitte alisogea, akamwachia nafasi ya kuingia.

“Mama naye mukojo ulikuwa unamushinda,” akasema. “Ni sababu ya ile hakukuja kukuona.”

Alimwonyesha kaburi, akarudi kupika. Clémentine aliketi pale mchana kutwa, mkono juu ya udongo uliokwisha kuota majani, akisema na mama yake yale ambayo kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake.