Figo ya Gicheru Yaomba Nafasi ya Kusema

Jumamosi asubuhi wanaume wanne walibeba kiti cha sofa kutoka nyumbani kwa pasta hadi ukumbi wa kanisa, nje kidogo ya Karatina. Kilikuwa kiti cha mgeni wa heshima, mheshimiwa mbunge. Warigia alikitandika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Mumewe, Nehemiah Gicheru, fundi wa kushona sare za shule, alikaa benchi ya nyuma akijishika ubavu wa kushoto. Jiwe lilikuwa limekwama katika mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo.

Daktari wa Nyeri alikuwa amemweleza vizuri. Nairobi kulikuwa na mashine ya kupiga jiwe kwa mawimbi, bila kisu, mpaka liwe mchanga.

"Nenda wiki hii," alisema. "Likikaa, linashikana na ukuta wa mrija, mkojo unarudi juu, na figo inakufa."

Ndiyo maana wakaitisha harambee, wachange pesa za matibabu. Watu walileta kuku, ndizi na viazi vya kunadi. Alasiri ikafika, mheshimiwa hajafika.

"Tuanze tu," Gicheru alisema.

"Vumilia, Baba Ngendo," alijibu Mzee Muriithi, mwenyekiti wa kamati. "Tukianza bila yeye, atasema tumemdharau. Na nani atatoa kabla ya kuona mkubwa ametoa nini?"

Wakaahirisha. Wakaahirisha tena kwa sababu ya kampeni, kisha kwa sababu ya mvua, kisha kwa sababu mheshimiwa alikuwa na harambee nyingine Murang'a.

Hatimaye alikuja, akahutubu sana, akacheza na akina mama. Gicheru akapelekwa Nairobi. Mashine ilipiga jiwe likawa mchanga, kama daktari alivyosema. Figo ilikuwa imeshakufa, wakaitoa.

Jioni aliyorudi nyumbani, figo ilibisha mlango wa nyuma. Warigia aliifungulia, akaiweka kwenye kigoda karibu na jiko, akaipa maji kikombeni.

"Asante, Mama Ngendo," ilisema. "Lakini siku hizi yananipita tu."

Tangu hapo ilikuja kila jioni, ikamtazama Gicheru akishona. Haikuwa na maneno mengi. Iliuliza mara moja tu:

"Mlikuwa mnangoja nini?"

Gicheru alitia uzi kwenye sindano kwanza. "Mgeni," akasema.

Karibu na Pasaka maumivu yalianza upande wa kulia. Daktari alirudia maneno yale yale, safari hii akiwa amesimama. Kamati ikakutana. Figo nayo ilihudhuria, imepakatwa na Warigia.

"Mwenyekiti, nina neno."

"Sema, lakini ufupishe."

"Huyu wa kulia ni pacha wangu. Hakuna mwingine. Akienda, Gicheru anaenda naye. Changeni leo hii, hata kama ni viazi. Mimi nilingoja, na mnaniona."

"Inasema kweli, maskini," alisema mama mmoja.

"Ati hata sauti ni ya Baba Ngendo kabisa," mwingine akanong'ona.

Mzee Muriithi aliishukuru figo kwa niaba ya kamati, akaomba ipigiwe makofi. Ikapigiwa.

"Sasa," akasema, "nani ataenda kwa mheshimiwa kutuombea tarehe?"

Watu walitazamana. Gicheru, mkono mmoja ukiwa umeshika ubavu wa kulia, aliinua ule mwingine.