Kuku wa Vidole Vitano

Mtaani kwao fundi viatu mmoja aliitwa Vidole, na wala hakuchukia. Kila aliyempelekea kiatu alijikuta akisimuliwa habari za kuku wake: weusi tii, miguu mifupi, upanga mdogo kichwani, na vidole vitano kila mguu badala ya vinne. Marehemu baba yake aliziandika sifa hizo daftarini, naye akazifuata neno kwa neno miaka thelathini. Kifaranga aliyetoka na unyoya mmoja mweupe hakuachwa azae. Mwingine aliyefuga kuku hao alikuwa dada yake tu, aliyeolewa mji wa jirani.

Mwaka uliopita vifaranga walikuwa wazuri ajabu. Vidole alichagua majogoo wawili, akampelekea dada yake, roho kwatu.

Mwaka huu, asubuhi moja, alimwinua kifaranga wa uzao uliofuata, akahesabu. Akahesabu tena. Vinne. Akamshika wa pili: vinne.

"Mama watoto! Njoo hapa!"

Mkewe alikuja akikausha mikono. Alipomwona na yule kifaranga, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ni mimi," alisema. "Ulipolazwa mwaka juzi kwa upasuaji, niliazima jogoo wa jirani. Siku nne. Watoto wake wa kwanza walitoka na vitano, nikanyamaza."

"Ulifanya nini?"

"Mayai yalikuwa hayaanguliwi, baba. Na walioanguliwa walikuwa wanakufa, damu ile ile miaka yote. Wewe ulikuwa na daftari lako. Mimi ndiye niliyekuwa na jembe, nawazika kila kukicha."

"Ungeniambia!"

"Nilikuambia mara mbili. Ukasema kosa ni chakula."

Vidole alikumbuka kweli kusema hivyo. Alimpigia dada yake simu.

"Dada, yule jogoo wako mzee bado yupo?"

"Tulimchinja zamani, kaka, pamoja na matetea wazee, ulipotuletea wale vijana. Kwani vipi?"

Akamweleza.

"Kwa hiyo hata hawa wangu wote?"

"Hata hao."

Waliobaki bila mchanganyiko ni matetea watatu wakongwe bandani kwake, na wao jogoo wao alikufa kipindi cha mvua. Siku tatu Vidole hakuongea na mkewe ila kwa mambo ya lazima. Wateja walishangaa: kiatu kinashonwa, kuku hatajwi.

Siku ya nne alitoa daftari. Mkewe alichungulia begani kwake, akasoma: Jogoo wa nje aliingia bandani.

"Usiandike aliingia," alisema. "Andika nilimleta mimi."

Vidole akakata mstari, akaandika alivyoambiwa, kisha akaongeza chini yake kwamba vifaranga walikuwa wanakufa na yeye alikataa kusikia.

"Tukiwapandisha matetea wale na jogoo bora kati ya hawa waliochanganyika, tukawa tunachuja kila uzao, miaka saba labda," alisema. "Nami nina sitini na tisa. Na huenda wakaanza kufa tena."

"Huenda."

Alasiri walianza kujenga banda la peke yao la wale matetea watatu. Mkewe alishika mbao, yeye akapigilia misumari, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba itawezekana.