Mimba ya Mashavuni

Mdogo wangu tulimwita Kimbaumbau tangu utotoni, na jina lilimfaa. Nikimshonea gauni, kitambaa kilibaki cha kutosha foronya. Kwa hiyo siku alipokuja kwenye cherehani yangu akasema, "Dada, nipanulie hili, limenibana," nilicheka. Nilipomzungushia futi kiunoni nikaacha kucheka. Tumbo lilikuwa limejaa na uso umekuwa duara kama sahani, lakini mikono na miguu ilikuwa vijiti vile vile.

"Unakula nini siku hizi?"

"Chakula tu, dada. Mama anasema ndoa imenikubali."

Huyo Mama ni mkwewe, mwenye saluni. Mtaa mzima unamwita Mama Rangi, na wanasema mvi zikimwona zinatafuta pa kujificha. Alipomwozesha mwanawe kwa mdogo wangu, saluni ilipata mtu wa kupaka rangi asiyedai mshahara. Bahati mbaya, ile rangi nyeusi ya nywele haikupatana na ngozi yake. Mikono ilimwasha, shingo ikatoka vipele, siku nyingine akaamka kope zimevimba. Mkwe mwenye huruma angemhamishia kwenye kusuka. Mama Rangi yeye alikuwa na mkebe.

Mkebe ulikaa rafuni, kati ya vitana na vibanio, umejaa vidonge vidogo vilivyokwisha kutolewa kwenye karatasi zake. Mteja akiwashwa na rangi, alipewa kimoja na maji, muwasho ukatulia, akaenda zake anasifia huduma. Kila kidonge kilikuwa na dawa mbili ndani yake, ya mzio na ya steroidi, ila maandishi yalitupwa pamoja na karatasi. Mteja alimeza mara moja moja. Mdogo wangu alimeza asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi. Pale saluni havikuhesabiwa kuwa dawa. Vilikuwa kifaa cha kazi, kama glavu, na glavu zenyewe Mama Rangi alizikataa, eti zinampotezea mtu wepesi wa mkono.

Vipele vilipozidi, mdogo wangu akaenda zahanati. Tabibu akamwandikia dawa ya mzio ya kumeza usiku na steroidi ya siku chache, akamuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia. Akasema hapana. Hakudanganya; nani anamtajia tabibu glavu? Zilipokwisha akaenda kununua nyingine duka la dawa, maana zilimsaidia. Basi akawa anameza steroidi ya mkebe juu ya steroidi ya zahanati, na mashavu yakazidi kunawiri, na watu wakazidi kumsifu.

Kisha siku zake za mwezi zikakoma. Mama Rangi akalitazama lile tumbo, akayatazama mashavu, akapiga kigelegele mpaka mteja aliyekuwa anaoshwa nywele akainuka na povu lake. Siku hiyo hiyo akauficha mkebe na dawa za zahanati akazimwaga chooni. "Mjukuu wangu hatalishwa takataka," alisema. Tangu amuoe kwa niaba ya mwanawe, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumhurumia, na huruma hiyo ilitaka kumuua.

Siku chache hazikupita, mdogo wangu akaanza kutapika. Akawa hawezi kusimama bila kizunguzungu. Nyumbani kwa mkwewe walikuwa wanachekelea. Shemeji yangu alinipigia simu mwenyewe kunipa habari: "Shemeji, anatapika vizuri kabisa."

Nilimkuta kwenye chumba cha nyuma ya saluni, amelala juu ya mkeka, midomo imekauka, kikombe cha maji kinamshinda kushika.

"Mimba gani hii inayoanzia mashavuni?" nikasema. "Mama, tumpeleke hospitali."

Mama Rangi hakuacha hata kuchanganya rangi yake. "Mwanangu, wewe hujazaa. Haya huyajui."

Lilinichoma, na mpaka leo linanichoma. Nilimbeba mdogo wangu mgongoni hadi barabarani, na kabla ya kutoka niliufukua mkebe wa vidonge chini ya taulo, aliponionyesha kwa kidole, nikaondoka nao.

Hospitali walimtundikia dripu na kumchoma sindano kwanza, maswali baadaye. Daktari alikuwa mama wa makamo, mtulivu. Alivitazama vile vidonge, akasikiliza, ndipo akatueleza. Dawa ya mzio na steroidi zinaweza kwenda pamoja, wagonjwa wengi hupewa zote mbili, lakini kwa muda mfupi na kwa mkono wa mtu anayejua kila unachomeza. Mwili ukilishwa steroidi muda mrefu, hujaa uso na tumbo, siku za mwezi huweza kukoma, na husahau kutengeneza ya kwake. Ukiikata ghafla, mtu anabaki hana ya dukani wala ya mwilini.

"Hii hushushwa kidogo kidogo," alisema. "Na rangi asiiguse tena."

Mama Rangi alikuwa amefika na mwanawe, wamesimama miguuni pa kitanda.

"Na mtoto?" akauliza.

"Tumepima. Hana mimba."

"Kwa hiyo mtoto hayupo?"

"Hakuwahi kuwepo, mama. Mgonjwa ni huyu hapa."

Mama Rangi akamgeukia mdogo wangu. "Umetuaibisha," alisema taratibu. "Nimeshawaambia watu wote."

Shemeji akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, na niliyokuwa nayo ulimini yangetosha kumfukuza mpaka getini. Lakini mdogo wangu alinitangulia. Alijiinua kwa kiwiko.

"Nisamehe, mama," alisema. "Sikujua."

Mama Rangi alijifunga kitenge chake upya kwanza.

"Haya, yameisha," alisema. "Ukipata nguvu urudi. Wateja wanakuulizia."

Na mdogo wangu, na yale mashavu waliyoyasifu watu, akatabasamu. Nilimwona kwa macho yangu: alifurahi kusamehewa.